Sahani ya Rukaya

Mtaa mzima ulijua kuwa Rukaya aliishi kwa kuuza mwili, na nusu ya waume wa mtaa walijua hata kitanda chake kinalia upande gani.

Kila Ramadhani aliwapelekea majirani tambi. Desturi inasema sahani ya jirani hairudi tupu. Yake ilirudi tupu miaka saba, imesuguliwa kwa jivu mpaka maua yake yakahamia viganjani mwa waliosugua.

Safari hii aliipeleka mwenyewe kwa Bi Mwanashehe.

"Nimepika kwa mikono yangu, Mama."

"Mikono hiyo ndiyo inayotutia shaka, mwanangu."

"Mbona mzee wa humu ndani hajawahi kuilalamikia."

Bi Mwanashehe alicheka kabla hajajizuia. Kisha akapokea sahani, akafunga mlango.

Rukaya akakaa barazani. Hakutaka karamu, hata kaimati moja ingemtosha. Adhana ikalia, vijiko vikagonga ndani. Mlango ukafunguka kidogo, mkono ukatoa sahani iliyofunikwa kwa kawa.

Hakufunua pale. Aliibeba kwa mikono miwili, saumu yake bado hajaifungua, akashika njia ndefu ya kuzunguka msikiti, ili mtaa mzima uione.