Rota Kwenye Pindo la Khanga

Kila alipoegesha Pijo yake kuukuu, ambayo nusu ya mji iliionea wivu na nusu nyingine ingeiiba, Bi Maimuna alifungua boneti, akachomoa rota na kuifunga kwenye pindo la khanga. Bila kidude hicho gari haliwaki hata lisukumwe na mtaa mzima. Alifanya hivyo hata siku ya harusi ya bintiye, Zamzam.

Bibi harusi alipotolewa nje, vigelegele vikapaa, na Bi Maimuna, kama mama yeyote wa mji ule, akavua khanga yake akamtanda mwanawe mabegani. Gari la bwana harusi likaondoka.

Alasiri akaingia kwenye Pijo, akazungusha ufunguo. Kimya. Akajipapasa mabegani, kisha akashika kichwa.

"Imekufa, Bi Maimuna?" aliuliza jirani yake, Mzee Kombo.

"Haijafa. Roho yake imekwenda ukweni."

"Basi tutume mtu akaifuate!"

Bi Maimuna alikaribia kukubali. Kisha akakumbuka ni nani aliyekuwa akilifungua fundo lile kila asubuhi na kumkabidhi rota mkononi. Wiki nzima alikuwa ameona haya kumuuliza Zamzam atarudi lini kumtazama.

"Asiende mtu," alisema akicheka. "Mwenye kulijua fundo atalileta mwenyewe."

Akaegemea kiti, akaikazia macho barabara, na mlango wa upande wa pili, ambao hajapata kuuacha bila kufuli, akausukuma ukawa wazi.