Harufu ya Kuungua

Tangu mkewe aanze matibabu ya saratani ya titi, mkaanga kahawa hakuthubutu kukaanga hata punje moja nyumbani. Dada wa mkewe alishatoa hukumu: "Kahawa yenu hiyo ndiyo iliyomponza!"

Daktari alicheka. "Msiisingizie kahawa, mzee. Akiitamani, mpe."

Atamani nini? Dawa zilikuwa zimemwibia harufu zote. Kwake kitunguu na sabuni vilikuwa mamoja.

Leo mume akajaribu tu, liwalo na liwe. Akatia buni kikaangoni, akatikisa, mawazo yakamchukua. Alipozinduka, zilikuwa nyeusi tititi. Yeye, fundi mzima!

Chumbani, nyuma ya mlango uliofungwa, kitanda kikalia.

"We baba! Uzee wote huo, unaunguza kahawa?"

Mkono ulikuwa umeshashika mpini aipue. Akauachia.

"Kahawa gani, mke wangu?" Akajitia kushangaa. "Mbona mimi sisikii harufu yoyote?"

"Husikii? Ngoja nije nikushike hiyo pua!"

Moshi ukatanda jikoni. Akasimama palepale, machozi yakimtiririka, akizisikiliza kandambili zikiburuzika kuja.