Kanga na Nyumba Isiyosahau

Kanga wa bondeni alikuwa mbishi. Hakumeza neno kabla ya kulitafuna.

Siku moja Kunguru, mgeni mwenye ulimi mtamu, alifika kwenye baraza la Mwenyekiti Kiboko. Alitaka kujenga kando ya bwawa nyumba kubwa ya kutunza maneno yote ya wanyama, ya sasa na ya zamani. Nyumba hiyo hupata joto, akasema, kwa hiyo itahitaji maji kidogo tu ya kujipoza.

"Kidogo kiasi gani?" Kanga akauliza.

"Mama Kanga, usituzuilie maendeleo," Kiboko akamkatiza.

Kunguru akatoa kombe. "Nyumba kama hii tumeshaijenga Bonde la Juu. Uliza lolote humu, itakujibu. Haisahau neno."

Kiboko akaomba wimbo aliobembelezewa na bibi yake. Kombe likauimba. Kiboko akatokwa na machozi, akainua mguu ili aupige mkataba muhuri.

Kanga akalisogelea kombe. "Vyura wa Bonde la Juu walisema nini mara ya mwisho?"

Kombe likajibu kwa sauti ya chura: "Watoto, fungeni mizigo. Nyumba imelinywa bwawa lote."

Kunguru akalifunika kwa bawa. "Hayo yafutwe!"

"Yafutwe vipi, mwanangu? Si umesema haisahau?"

Kiboko akayatazama maji yaliyomfika tumboni, akaushusha mguu taratibu.

"Mgeni asindikizwe," akasema.

Bwawa lile lingali limejaa. Ukipita, chota unywe, umsalimie na Kanga. Atakuuliza unatoka wapi na unataka nini.