Wapigaji Sita wa Kilmorran

Lachie alikata kipande cha tepu kwa meno, akakibandika kwenye ncha ya kidole gumba, kisha akachungulia tena pembeni mwa basi. Hapakuwa na mtu. Uwanjani, kwenye mashindano, bendi ya kumi na moja ilikuwa imeanza kupiga. Yao ilikuwa ya kumi na tatu. Alibakiwa na dakika chache za kufanya jambo ambalo hakuna mpiga zumari mwenye haya angelifanya.

Aliipakata zumari yake ya mfuko wa upepo, akaichomoa filimbi ya chini, ile yenye matundu inayotoa wimbo. Mabomba matatu ya begani hakuyagusa; hayo yavume tu, yasaidie wenzake. Akauzungushia tepu ulimi wa utete ulio ndani ya filimbi, akaubana mpaka ukawa hauwezi kutoa hata mlio wa kifaranga, halafu akairudisha mahali pake.

Tangu majira ya baridi vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimegoma, na daktari alishindwa kuvitibu. Sauti moja ndefu aliweza kuishikilia, ndiyo maana asubuhi, zumari zilipokuwa zikilinganishwa, alipita bila kushukiwa. Wimbo wa kasi ndio uliomshinda. Angeupiga leo, angewaharibia wenzake mbele ya majaji. Angesema ukweli akae pembeni, wangebaki wapiga zumari watano, na watano hawaruhusiwi kuingia uwanjani. Mwaka jana walikosa kwa sababu hiyohiyo. Wakikosa mara ya pili chama cha bendi kingewafuta, na Kilmorran, kijiji chao kilichokuwa na bendi tangu enzi za babu yake, kingebakiwa na ngoma za kupambia ukuta wa baa.

"Unafanya nini huku?"

Lachie aligutuka. Senga Rennie, kiongozi wa bendi, alikuwa amesimama nyuma yake, zumari kwapani, anahema. Walianza kupiga pamoja wakiwa na miaka kumi na miwili, na katika miaka arobaini na tano tangu hapo Lachie hakuwahi kumwona akimsamehe mtu noti moja ya wimbo iliyoanguka.

"Najikinga na mvua," alisema.

"Mvua imekatika zamani, mzee. Nenda kajipange. Nakuja."

Alikwenda upesi, akishukuru kwamba macho ya Senga hayakushuka kwenye filimbi.

Senga alipowafikia, dakika kadhaa baadaye, aliwakusanya. Aliwaambia mwendo wataufuata mguu wake kama kawaida, lakini masikio yote yawe kwa Rhona, yule muuguzi, kwa kuwa ndiye mwenye vidole vyepesi kuliko wote. Senga akawaangalia mmoja mmoja.

"Atakayekosea leo asinitafute kwenye basi," alisema.

Wakaingia uwanjani. Ngoma zikarindima, mabomba yakavuma, wimbo ukafyatuka, nao wakaenda wakajipanga duara. Lachie alijaza mashavu upepo, akavichezesha vidole juu ya filimbi iliyokufa, vile viwili vikiburuta nyuma ya vingine kama wazee kwenye mlima. Macho aliyakaza kwenye mguu wa Senga.

Majaji wawili walianza kuwazunguka. Mmoja alikuwa mtu mfupi mwenye kofia iliyolowa, aliyetembea ameinamisha kichwa kana kwamba ameangusha sarafu kwenye nyasi. Alisimama kidogo nyuma ya Senga, akaandika. Akapita kwa Rhona, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Halafu akaja akasimama nyuma ya Lachie, wala hakuondoka.

Lachie alizidi kuvichezesha vidole. Alisikia pumzi ya yule mtu karibu na sikio lake. Akasikia penseli ikikwaruza karatasi, ikatulia, ikakwaruza tena. Wimbo ulikuwa mtamu, mtamu kuliko walivyowahi kuupiga mazoezini, na yeye alikuwa katikati yake kama mwizi aliyekaribishwa arusini. Ngoma zilipokatika, alikuwa hajui amesimamaje.

Walipata nafasi ya tatu kati ya bendi kumi na nne. Wapiga ngoma walikumbatiana. Lachie alisubiri jina lake liitwe kwenye meza ya chama, lakini hakuitwa.

Katika hema la bia karatasi za majaji zililetwa. Kwa kawaida Senga alizisoma kwa sauti, na matusi yake humohumo. Leo alizisoma kimya. Moja aliikunja mara nne, akaiweka chini ya glasi yake, akauliza nani anataka pai ya nyama.

Lachie akaelewa. Aibu yake ilikuwa imeandikwa pale, na rafiki yake alikuwa anaificha. Hilo hakuliweza. Akasimama, akawaambia wote: vidole, daktari, tepu, kila kitu. Alisema kama watamfukuza, wana haki, ila wajue hakutaka bendi ife.

Rhona aliushika mkono wake wa kulia, akaukunjua taratibu, kidole kwa kidole, kama anavyofanya na wagonjwa wake.

"Kaa chini, Lachie," alisema Senga.

"Siketi. Isomwe."

Lachie aliivuta karatasi kutoka chini ya glasi, akaikunjua, akaisoma mwenyewe kwa sauti.

"Wapigaji wanne wazuri sana, sauti kama ya mtu mmoja. Vidole vya wale wawili wengine navyo vilijitahidi."

"Wawili?" aliuliza Rhona.

Senga Rennie alikuwa ameinamia bia yake, na masikio yake yalikuwa mekundu.