Mshumaa Kaburini kwa Bibi Genowefa

Mzee tusiyemjua alipenya umati wa Novemba mosi, siku ya kuwashia wafu mishumaa, akainama kaburini kwa Bibi Genowefa na kuweka mshumaa wake unaowaka ndani ya kioo chekundu kando ya maua yetu.

"Babu, umekosea kaburi," mtoto wa marehemu alimwambia.

"Sijakosea, mwanangu. Mama yako nilimpenda kabla hujazaliwa."

Majirani waliokuwa wakisugua makaburi ya watu wao waliacha kusugua.

Yule mwana akauzima mshumaa, akautupa kwenye pipa la maua makavu. "Baba yangu naye kalala humu humu. Usiwe na haraka, babu. Mwakani na wewe utawashiwa wako."

Mkewe akacheka. Mzee alibaki mikono mitupu.

Mimi ni mgeni nchini Poland, mwaka wa tisa sasa. Nilimuuguza Bibi hadi mwisho, na bado nilikuwa nalala katika chumba chake kwa hisani ya mwanawe. Wiki aliyokufa alinishika mkono. "Siku ya Watakatifu Wote atakuja mzee mmoja. Usikubali mshumaa wake uzimwe. Niahidi." Nikamwahidi.

Nikatia mkono pipani. Kioo kilikuwa kimepasuka, kikanichana kidole.

"Dada, ukiuwasha huo," mwana alisema taratibu, "usirudi kwangu. Nguo zako utazikuta nje, kwenye baridi."

Nikamkabidhi ufunguo wa nyumba yake, nikapiga magoti, nikauwasha.