Mshenga wa Seva

Mzee yule hakuwa akitazama kompyuta. Alikuwa akimtazama Bakari. Kakaa kwenye benchi la nyuma, ndani ya duka la intaneti pale Wete, kanzu imenyooka pasi, bakora mapajani, na tangu jana hajalipia hata dakika moja ya mtandao.

Bakari alijifanya hamwoni. Uchaguzi ulikuwa unakaribia, na mwaka kama huo ndipo watu usiowajua wanapopenda mazungumzo. Baba yake bendera ya chama cha upinzani kaitundika juu ya paa, apendaye na asiyependa aione. Mtoto wa mtu kama huyo hana pa kujificha.

Na kazi nayo haiishi! Chuo kimoja kilimpa seva aitengeneze. Tovuti ikifunguka, ajira ya kudumu ni yake. Aliitaka kwa ajili ya Raniya wa Wawi, aliyesoma naye Unguja. Posa ilikwishapelekwa, jibu bado. Bakari mwenyewe kwao Raniya hakuwahi kukanyaga, wala wazazi wake hawajui kwa sura. Yote kamwachia mjomba wake, Ngwali.

Tabu ilikuwa moduli, kile kijiprogramu cha kuunganisha programu mbili za seva, Apache na Tomcat, ambacho mwenyewe alikiita mshenga. Apache aliyoweka ni toleo la pili. Moduli aliyoshusha ilitengenezewa toleo la kwanza. Kila akiwasha, seva inagoma.

"Havipatani?" mzee aliuliza, kwa upole uliopita kiasi.

"Mshenga ndiye hafai, mzee. Natafuta mwengine."

"Enhe. Na weye mtoto wa nani, mwanangu?"

Haya, yameanza.

"Baba yangu alishafariki," Bakari alisema, na roho ikamuuma, maana asubuhi ile ile walikunywa chai pamoja.

"Inna lillahi. Jina lako?"

"Ahmada. Wa Micheweni."

"Wasali msikiti gani?"

Hata hilo! Watu walikuwa wamegawana mpaka misikiti, na ukitaja wako umeshataja chama.

"Popote adhana inaponikuta, mzee."

"Na umeoa?"

Bakari akaona hapa ndipo pa kujiokoa. Nani atamdhania fujo mtu mwenye familia?

"Nina mke na watoto wawili, alhamdulillahi."

Mzee akashika bakora yake, akaaga, akatoka. Bakari akashusha pumzi mpaka mabega yakalegea. Akarudi kutafuta, akapata moduli iliyotengenezewa toleo la pili, akaiweka, akawasha. Tovuti ikafunguka! Alitamani kupiga vigelegele kama mwanamke. Mpelelezi kaondoka mikono mitupu, na ajira imepatikana.

Baada ya magharibi Ngwali alirudi kutoka Wawi. Hakuingia ndani, alisimama mlangoni.

"Wamekataa," alisema.

"Wamekataa nini, mjomba? Mie kazi nishapata!"

"Babake Raniya kaja mwenyewe Wete kukuangalia. Kaelekezwa mpaka dukani, kakaa nyuma yako, kakuuliza kwa kinywa chake. Asema kumbe Bakari ndiye Ahmada wa Micheweni, ana mke na watoto wawili, na mwanawe hampeleki ukewenzani."