Yule Waliyemwita Chupa

Msusi alimwacha mteja kitini, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama kichaka, akatoka saluni na chanuo mkononi. Muuza vitambaa wa jirani ndiye aliyemletea habari: uchumba wa rafiki yake umevunjika.

Rafiki huyo alikuwa fundi cherehani. Walikuwa chanda na pete tangu shule ya Jumapili, na kwenye kwaya walisimama bega kwa bega, sauti ya pili. Fundi alipochumbiwa na mpiga kinanda wa kanisani, msusi alilia kwa furaha kuliko hata mama mzazi.

Alipokuwa akikatiza mitaa, alikuwa na jina moja tu kichwani. Chupa. Hivyo ndivyo wanakwaya walivyomwita yule mhudumu wa baa aliyekuja kushonewa sketi mwaka jana, akawa kama amehamia. Kila siku kabla ya zamu yake alikaa kwenye benchi la fundi, anatafuna bigijii, anacheka kicheko cha kuamsha wafu. Kanisani hakanyagi.

Msusi alikuwa ameonya mapema. "Moyo unalindwa, dada. Samaki mmoja akioza, wote wameoza."

"Ananichekesha tu."

"Hata Shetani anachekesha."

Fundi aliinamia cherehani yake, akaendelea kushona.

Kisha, wiki iliyopita, fundi alimvuta msusi chemba baada ya mazoezi ya kwaya na kumwambia jambo alilolibeba tangu usichana. Yule binti ambaye watu wote walimjua kama mdogo wake fundi, kitinda mimba wa mama yao, alikuwa mwanawe wa kumzaa. Mama ndiye aliyeisitiri aibu ile. Sasa fundi alitaka kumweleza mchumba wake kwa kinywa chake mwenyewe, kabla ndoa haijatangazwa kanisani.

"Niombee nipate ujasiri," alisema.

Msusi alimkumbatia, na kweli aliomba. Aliomba nyumbani, magoti chini. Aliomba saluni, vidole vimezama kwenye nywele za watu, na wateja waliookoka wakaitikia amina. Hakuna rafiki aliyewahi kuombewa kama alivyoombewa yule.

Lakini kabla ujasiri haujafika, alifika mama wa mchumba. Asubuhi hiyo aliingia kwenye karakana, akainama, akamnong'oneza fundi maneno mawili matatu sikioni, akakunja kitambaa cha suti ya mwanawe na kuondoka nacho. Muuza vitambaa, aliyekuwapo pale, hakuyasikia maneno yale. Msusi hakuhitaji kuambiwa.

Alimkuta fundi amekaa mbele ya cherehani, mguu kwenye pedali, hashoni chochote. Macho yalikuwa mekundu, lakini makavu. Sakafuni Chupa alikuwa amechuchumaa, akiokota pini zilizomwagika.

"Na huyu bado umemweka humu?" msusi aliuliza.

Fundi aliuondoa mguu kwenye pedali.

"Ninasema mbele yake, asije akadai nimemsengenya. Siri yako imeuzwa baa, dada. Watu wa ulevini hawaweki neno kifuani. Nilikuambia, ukaniona mkali."

Chupa aliinua uso. "Siri gani?"

"Usijitie hamnazo."

Chupa alimtazama fundi, kiganja kimejaa pini, kama mtu aliyeingia katikati ya mazungumzo.

"Hebu toka nje kidogo, mwenzangu," fundi alimwambia kwa upole. "Nitakuita."

Chupa aliziweka pini juu ya meza, akatoka. Msusi alishusha pumzi. Akavuta kigoda, akaketi karibu na shoga yake kama zamani.

"Nimeomba tangu asubuhi," fundi alisema. "Nimeona uliyokuwa ukiniambia ni kweli. Si kila anayekaa nawe ni wa kufunguliwa moyo. Kuna rafiki wa kuachana naye, hata kama kumwacha ni kama kukata kidole."

"Itauma, lakini utapona." Msusi alimshika mkono. "Mimi nipo. Tutafunga na kuomba pamoja. Nitawaambia na wenzetu wa kwaya wakubebe."

Fundi aliutoa mkono wake taratibu.

"Yule niliyemtoa nje hajui kama nina mtoto," alisema. "Nilimwonea haya, sikumwambia. Duniani, ukimtoa mama yangu, nilimwambia mtu mmoja tu."

Akainuka, akafungua mlango, akamwita Chupa arudi ndani. Kisha akabaki pale pale, ameshika kitasa, akimngoja msusi atoke.